Zimwi Lisilo na Macho

Filamu ya shemeji yangu ilikuwa mbaya, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa walioitengeneza. Zimwi lenyewe lilikuwa sponji la godoro lililovalishwa makoti manne ya mvua ya kijani. Damu ilikuwa rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango. Na katikati ya sehemu iliyotakiwa kutisha kuliko zote anatokea bibi harusi, anakata keki, sekunde tatu, anapotea. Shemeji alikuwa mpiga video wa harusi. Alirekodi juu ya kanda ya harusi ya watu, na kipande hicho kikakataa kufutika.

Iliitwa Zimwi la Tangini. Ilipigwa kwa siku kumi na moja kwenye nyumba aliyopanga shemeji, juu ya paa bapa lenye tangi la maji na kwenye ngazi za saruji za nyuma. Mume wangu, ambaye watu humwita Fundi, ndiye aliyekuwa ndani ya zimwi. Mimi ndiye niliyelishona. Siku ya kumi na moja mume wangu aliporomoka ngazi saba akiwa ndani ya vazi langu, akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Yeye na kaka yake hawajasemezana tangu wiki ile.

Hiyo ni miaka ishirini na saba. Na kwa miaka yote hiyo kila mtu aliamini kwamba kanda ile niliitupa jalalani. Haikuwa jalalani. Ilikuwa chini ya kabati langu, ndani ya bahasha ya vielelezo vya karatasi vya kukatia suruali za kiume, mahali ambapo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa na shughuli napo. Ndivyo nilivyodhani.

Jumatatu nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi. Nafundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi, na nguo huwa naisahihisha kwa kuigeuza ndani nje, maana kwa nje kila mtu anajua kudanganya. Nilikuwa nimeshika sketi iliyobandikwa bitana kwa gundi, natafuta neno la kuandika ambalo si tusi, binti yangu alipoingia bila hodi.

"Mama, juzi nilikuja kutafuta kielelezo cha suruali."

"Ukakipata?"

"Nilipata hii." Akaiweka kanda juu ya meza ya kukatia.

Sikuigusa. "Nani alikuruhusu kuchakura kabati langu?"

"Wewe. Ulisema niache kukusumbua, nitafute mwenyewe. Tumeshaihamisha kwenye flashi. Jumamosi tunaionyesha."

Lazima nieleze hapa. Binti yangu ana miaka ishirini na minne, ana kazi nzuri ya kupima ardhi, na kila Jumamosi saa tisa mchana yeye na wenzake wawili wanapewa ukumbi wa maktaba waonyeshe filamu za kutisha za zamani. Si zile nzuri. Wanatafuta zile mbovu mbovu, za popo wanaoning'inia kwa uzi unaoonekana na maiti zinazopepesa macho. Watu wanajaa mpaka wanakaa sakafuni. Hawaendi kuogopa, wanaenda kucheka. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kwenda msibani kusikiliza nani analia vibaya.

"Hamtaionyesha," nikamwambia.

"Bango limeshabandikwa."

"Kalibandue."

"Na Baba Mkubwa nimemwalika. Alilia kwenye simu, Mama. Mtu mzima analia kwa sababu ya makoti ya mvua."

"Na baba yako je? Unataka wamcheke baba yako?"

"Watalicheka zimwi."

"Zimwi ni baba yako!"

"Sawa. Na wewe umeanza lini kumtetea?"

Nilitaka kumtupia mkasi. Yeye akatoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya ile sketi ya gundi. Picha ilikuwa ya tangi. Tangi tu na mawingu, karibu dakika nzima, kamera imesimamishwa peke yake. Lakini nyuma ya kamera watu walikuwa wanazungumza, na hakuna aliyekumbuka kwamba mashine inasikia.

"Shemeji, macho yako wapi? Si nilikuchorea macho?" Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji, ambaye wakati huo mtaa mzima ulishaanza kumwita Direkta.

Kisha yangu. Zamani nilikuwa na sauti nyembamba. "Nimesahau kuyatoboa. Nimeshafunga mishono yote, sifumui. Nina darasa saa nane."

"Sasa ataonaje? Atapumuaje?"

"Alivae kinyume. Zipu ije usoni, aifungue kidogo."

"Fundi atakasirika."

"Nitamwambia wewe ndiye uliyetaka zimwi lisilo na macho. Si wewe direkta?"

"Haya, sema utakalo, jua linakimbia."

Hapo muziki unaingia. Direkta alikuwa na picha hiyo moja tu ya tangi, na hakuwa na namna ya kufuta sauti akaacha picha. Kwa hiyo aliiweka hivyo hivyo.

Binti yangu akachukua simu yake. "Baba ametuambia maisha yetu yote kwamba kaka yake alimpandisha paani akiwa kipofu kwa makusudi, ili filamu iwe nzuri. Mama Mkubwa alipofariki, Baba hakwenda. Nilikwenda mimi peke yangu, kama mwakilishi wa kampuni."

"Wewe hujui yaliyotokea."

"Nimesikia yaliyotokea. Yana dakika moja."

Nitasema alichokuwa hakijui. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kumaliza mchana ule tu. Fundi alinung'unika kidogo, akalivaa zimwi kinyume, kazi ikaendelea siku kumi. Siku ya kumi na moja alishuka ngazi kinyumenyume, uso wa zimwi ukiwa kisogoni kwake, akakosa ngazi ya pili. Hospitalini akaniambia, "Kaka alijua sioni. Alijua, akasema tu 'anza'." Mimi nilikuwa namfuta jasho. Niliendelea kufuta. Ningesema nini? Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa uzito wa mchanga.

Direkta alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya pili alileta kanda, imekamilika, akataka yeye na ndugu yake waitazame pamoja na wazungumze. Nilifungua mlango kiasi cha mkono kupita. "Umemvunja mume wangu, sasa unamletea picha?" Nikaipokea kanda, nikafunga mlango. Kesho yake nikatangaza kwamba nimeitupa. Mshono wa kwanza ukipinda unaufumua pale pale. Usipoufumua, nguo nzima itaufuata. Nawafundisha wanafunzi jambo hilo kila Januari.

"Una mpaka Jumamosi saa tisa," binti yangu akasema. "Utamwambia wewe, au tangi litamwambia."

"Usinitishe. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Ndiyo maana nimekupa siku tano. Mwingine ningempa mbili."

Akatoka. Sketi ya gundi niliipa sifuri.

Jumanne alikuja kula, akaacha mkoba wake sebuleni akaenda kuoga. Nilikuta flashi tatu ndani yake. Nikazitumbukiza zote kwenye ndoo ya sabuni, nikazikoroga, nikazikausha kwa taulo, nikazirudisha. Jumatano akanipigia simu kazini.

"Mama, umefua picha za mahafali za mwenzangu. Filamu iko kwenye kompyuta nne."

"Sijui unachosema."

"Zinanukia maua."

Alhamisi nikakata shauri la kumwambia Fundi. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu. Anatengeneza majokofu, na siku zote anafanya kazi ameketi kwenye kiti kirefu, mguu mbovu amenyoosha, fimbo imeegemea ukuta. Nilimkuta amefungua jokofu la mtu mgongoni, ananusa waya.

"Fundi."

"Mwalimu." Ananiita hivyo tangu tulipooana, na anapokuwa amefurahi anavuta silabi ya mwisho. Siku hiyo aliivuta. "Binti kaniambia. Kumbe hukuitupa ile takataka."

"Amekwambia nini kingine?"

"Kwamba Jumamosi inaonyeshwa na Direkta atakuwepo. Nitakwenda."

"Usiende. Watakucheka."

"Wacheke. Nilikuwa nimevaa godoro, wangefanya nini kingine?" Akaweka bisibisi chini. "Mimi namtaka yeye. Filamu ikiisha, taa zikiwashwa, nitasimama mbele ya hao watu wote wanaompigia makofi, nimuulize swali moja. Macho ya zimwi yako wapi? Swali hilo tu. Nimelibeba miaka ishirini na saba, Mwalimu, limenizidi uzito."

"Ni mtu mzee sasa. Msamehe."

"Wewe ndiye unasema nimsamehe? Wewe uliyemfungia mlango?"

Hapo ndipo mahali penyewe pa kuungama. Mtu mwingine angesema. Mimi nilimwambia chakula kiko tayari, nikarudi ndani. Na hakikuwa tayari.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa kabla ya saa tisa. Wamesukuma rafu za magazeti ukutani, wametundika shuka jeupe, projekta imewekwa juu ya meza ya msimamizi. Mlangoni kulikuwa na bango lenye uso wa zimwi langu, na chini yake wameandika: MBAYA KULIKO ZOTE TULIZOWAHI KUPATA. Nililisoma mara mbili. Nilitumia siku tano kulishona zimwi lile, tena kwa cherehani ya kukanyaga.

Direkta alikuwa ameketi mstari wa mbele kabisa, peke yake. Sikumtambua mpaka alipogeuka. Amekonda. Koti la suti lilimwangukia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Aliniona, akainua mkono nusu, akaushusha alipomwona Fundi. Fundi alitazama dari. Tukakaa mstari wa tano, mimi ndani, yeye pembeni ya njia kwa sababu ya mguu.

Binti yangu akasimama mbele na kipaza sauti. "Leo tuna hazina," akasema. "Imepotea kwa miaka ishirini na saba." Akanitazama. "Tunamshukuru mama yangu kwa kuitunza."

Nilimkata jicho ambalo lingemng'oa mtoto wa mwingine. Hakujali. Taa zikazimwa.

Nakuapia sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia watu wa ukumbi ule. Walianza kucheka kabla jina la filamu halijaisha kupita, kwa sababu Direkta alichora herufi kwa mkono kwenye kadibodi akakosa nafasi, na neno la mwisho likapanda ukutani. Walicheka mwigizaji aliyekuwa mwenye nyumba alipotazama kamera akauliza, "Nianze?" Walimcheka mke wa mwenye nyumba, ambaye aliigizwa na Mama Mkubwa, mke wa Direkta, Mungu amrehemu, akipiga kelele huku ameshika sufuria asiiangushe kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Kisha zimwi likatoka tangini.

Ukumbi ulipiga yowe. Zimwi linamjia mtu kwa uso wake wa sponji, meno yake ya kadibodi, na mahali pa macho pako laini kama kiazi kilichomenywa. Likimaliza kutisha linageuka liende zake, na hapo unaona zipu yangu, ndefu, nyeusi, na kwenye zipu inachungulia pua ya mume wangu.

"Pua! Pua hiyo!" wakapiga kelele.

"Zipu! Jamani, zimwi lina zipu!" Huyo alikuwa kijana mmoja nyuma yangu, mwenye kofia.

Nikageuka. "Zipu hiyo imeshonwa mara mbili na haijaachia mpaka leo. Wewe fulana yako imefumuka kwapani."

"Shikamoo, mama," akasema, akashusha mkono.

"Nyamaza utazame."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Mara moja aliniinamia. "Unaona?" akaninong'oneza. "Halina macho. Unaona alivyonifanya?" Nikasema naona.

Kisha kukatokea kitu ambacho sikukitarajia. Zimwi lilikuwa linakatiza paani, mchana kweupe, kutoka tangini mpaka kwenye ngazi. Kwa kuwa mtu aliye ndani alikuwa anatembea kinyumenyume, magoti yake yalikunjika upande usiofaa. Zimwi linakuja mbele na magoti yanakunjika nyuma. Kicheko kikaanza kukatika. Mama mmoja mstari wa mbele yetu akasema, "Sasa hayo magoti, jamani," akavuta mkoba wake kifuani. Hata mwenye kofia alinyamaza. Kwa muda kidogo tu, na kwa kosa langu, filamu ya shemeji yangu ilitisha.

Lakini mimi sikuwa natazama magoti. Nilikuwa natazama mwendo. Fundi alikuwa na mwendo wake zamani, wa kurusha kisigino kidogo, kama mtu anayesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii. Niliolewa kwa sababu ya mwendo ule, na nilikuwa nimeusahau kabisa. Haukuwa kwenye picha yoyote, maana picha za ukutani watu wamesimama. Ulikuwa hapo tu, ndani ya godoro, ukienda kinyumenyume. Na mimi niliufungia kabatini pamoja na suruali za kiume.

Nikaelewa pia kinachowaleta watu hawa kila Jumamosi, ingawa sikuwapenda zaidi kwa hilo. Filamu nzuri ni nguo iliyovaliwa sawasawa. Hii imegeuzwa ndani nje. Unaona gundi, unaona nyuzi, unaona nani alikuwa na haraka ya kuwahi darasa.

Bibi harusi akatokea. Akakata keki. Ukumbi ulicheka mpaka watu wakapiga miguu sakafuni, na mimi nikajua kwamba baada ya keki ni tangi.

Sikufikiri. Nilisimama.

"Kaa chini, mama!" mtu akapaza sauti.

"Macho nilisahau mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya darasani, inayofika dawati la mwisho. Fundi akainua uso. Kwenye shuka palikuwa na tangi na mawingu.

"Kaka yako hakutaka zimwi lisilo na macho. Alichora macho. Mimi nilisahau kuyatoboa, sikutaka kufumua, nikamsingizia."

Na mwanamke mwenye sauti nyembamba akasema kwenye spika, mbele ya watu mia moja na zaidi, "Nimesahau kuyatoboa. Nimeshafunga mishono yote, sifumui."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama kupiga makofi. Walidhani nimepangwa, walidhani ndiyo burudani ya siku hiyo, mama anasimama anajibizana na tangi. "Huyu mama mkali!" "Rudia, mama!" Mwenye kofia alikuwa analia kwa kicheko. Mimi nimesimama pale, mikono imening'inia, nimeungama jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu, na napigiwa miluzi.

Fundi hakupiga makofi. Alilisikiliza tangi mpaka mwisho. Aliposikia "Nitamwambia wewe ndiye uliyetaka", alifumba macho. Kisha akashika fimbo, akainuka, na bila kunitazama akaanza kushuka njia ya katikati.

"Mzee, unatuziba!" wakamwambia. Kivuli chake kilipita kwenye shuka, fimbo na bega lililoinama, juu ya yule kijana wa makoti ya kijani anayerusha kisigino. Alifika mstari wa mbele, akasimama mbele ya kaka yake. Direkta alikuwa ameinua mikono yote miwili usoni, kama mtu anayengoja kofi.

Binti yangu alikuwa karibu, na ndiye aliyeniambia baadaye alichokisema baba yake. Nilidhani lingekuwa neno zito. Alikaa, akanyoosha mguu, akauliza, "Kaka, ile keki ilikuwa ya nani?"

Tulipofika kwenye ngazi saba, ukumbi wote ulisema "Oo!" wakati zimwi linaporomoka, kwa sababu mtu mzima anajua mwili unaoanguka kweli ukoje. Kisha nikasikia mtu mmoja anacheka kule mbele, peke yake, kicheko cha kukohoa. Alikuwa mume wangu. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae.

Siku ile hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa kaka yake, wala hakunipigia simu. Jumapili nilipiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimepigwa pasi. Jumatatu wateja watatu walikuja kuuliza majokofu yao, nikawaambia fundi yuko kwenye filamu. Jumanne asubuhi nikasikia fimbo mlangoni.

Alikuja kuchukua bisibisi zake. Nilimwekea chai, akainywa akiwa amesimama, jambo ambalo halifanyi kamwe kwa sababu ya nyonga.

"Miaka ishirini na saba, Mwalimu," akasema. Silabi ya mwisho hakuivuta. "Kaka yangu amezika mke. Mimi nilikuwa hapo nyuma, natengeneza jokofu la muuza nyama. Nilisikia tangazo la msiba redioni. Sikwenda."

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua ungesema siku ile. Mguu ningekusamehe palepale hospitalini, mguu ni mfupa tu. Ungesema, 'Fundi, nimesahau macho.' Ningekutukana, ningelala."

Niliangalia kikombe.

"Jumamosi wanaionyesha tena," akasema. "Watu wameomba. Na wanamtaka yule mama anayesimama."

"Wakatafute mwingine. Mimi si kichekesho cha mtu."

"Mimi nimekuwa kichekesho ngazi saba." Akaweka kikombe chini. "Utasimama. Kila wakionyesha, utasimama, utasema kama ulivyosema. Kaka alikaa na jina baya miaka yote hiyo kwa dakika yako moja. Na wewe zamu yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke kusikia."

Nilimwambia amekuwa na roho mbaya uzeeni. Akasema amejifunza nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilivaa gauni la bluu, maana kama ni lazima nichekwe, nichekwe nikiwa nimenyooka. Binti yangu alinionyesha kiti nilichotengewa, mstari wa tano, pembeni ya njia. "Mama, subiri keki," akaninong'oneza. Nikamwambia asinifundishe kazi. Keki ikakatwa, nikasimama, na ukumbi mzima ukapiga kelele kwa pamoja, "Macho!" Nikangoja wanyamaze. Hawakunyamaza, nikawakaripia kama darasa la mwaka wa kwanza, wakanyamaza. Nikasema. Tangi likaniunga mkono. Wakapiga makofi. Kule mbele kulikuwa na vichwa viwili vyenye mvi vikiwa karibu karibu, na hakuna kilichogeuka.

Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu nilikuwa na mafua, nikasema kwa sauti ya kukwaruza, wakapenda zaidi.

Ya nne nilisema, wakapiga makofi, nami nikabaki nimesimama kama kawaida yangu nikingoja ngazi saba zipite. Ndipo nikaona Fundi ananyoosha mkono, bila kugeuka, anaondoa fimbo yake kwenye kiti cha kushoto kwake. Anaiweka sakafuni. Kiti kikabaki kitupu.

Nilishuka njia ya katikati. "Mama, unatuziba!" wakaniambia, nikawaambia wavumilie. Nikakaa. Mbele yetu kijana wa kijani alikuwa anakatiza paani kinyumenyume, anarusha kisigino.

Direkta akainama kupita mbele ya ndugu yake. "Shemeji," akanong'ona, "ile zipu, kwa kweli, ulishona vizuri sana."

Nikamwambia anyamaze, watu wanatazama filamu.